Una mashine ndogo ya kukereza? Jitengenezee kishikio

Rafiki yangu wa nduthi hapa Pipeline aliniletea kazi: bushi ya alumini ya gurudumu la nyuma. Nikaikereza kwa kamashine kangu ka mezani, nikampa. Siku mbili baadaye akarudi. "Bro, gurudumu linacheza."

Kuangalia, bushi ina alama za meno pande tatu na tundu haliko katikati. Nilikuwa nimeishika vibaya. Na jamaa anabeba abiria nayo Outering Road! Manze, usiku huo sikulala.

Kama uko na mashine kama yangu, unajua kichwa chake kina taya tatu. Zinabana kazi sehemu tatu tu. Ukikaza sana, alumini inapata makovu na bushi nyembamba inabonyea. Ukilegeza, inaruka. Ukiitoa uigeuze, hairudi katikati kamili.

Usikimbilie duka. Enda Kamukunji uone mafundi wakipiga bati juu ya kipande cha reli. Fundi hujitengenezea cha kumsaidia, na wewe unaweza.

Cha kwanza ni pete ya kupasua. Chukua kipande kinene cha alumini kutoka kwa vyuma chakavu, kifunge kwa taya, kisha weka alama mahali taya namba 1 imegusa. Toboa, halafu panua tundu hadi bushi yako iingie bila kulazimishwa. Itoe pete, ikate upande mmoja tu kwa msumeno wa chuma, kutoka nje mpaka kwenye tundu, upige tupa kingo. Irudishe kwa alama ileile. Sasa ukikaza taya, ule mkato unajifunga na pete inakumbatia bushi mzunguko mzima. Hakuna makovu. Na kwa sababu tundu la pete lilikatwa kwenye mashine hiyohiyo, bushi inakaa karibu kabisa na katikati.

Cha pili ni cha kazi yenye tundu tayari. Kereza kijiti cha chuma kiingie kwenye tundu bila kucheza, acha bega la kuegemea, kata nyuzi mwishoni, kisha funga kazi kwa wasa na nati. Kijiti usikitoe kwenye taya hadi umalize kukereza nje. Ukikitoa, umepoteza katikati yako.

Kabla ya kuwasha, zungusha kichwa kwa mkono uone hakuna kinachogonga. Anza na spidi ya chini. Vaa miwani, kunja mikono ya shati. Na ile funguo ya kukazia taya, usiiache mahali pake hata sekunde moja. Mashine ikiwaka, itakurukia usoni.

Bushi ya pili nilimfanyia bure. Tuliifunga pamoja, tukainua gurudumu, tukalizungusha. Halikucheza. Ndipo nikamwambia sawa, beba watu.