Kiwashio cha bure kinagharimu shilingi ngapi?

Lushoto mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kuni zilizolala nje mwezi Julai hazishiki moto mpaka mpishi apulize hadi machozi yamtoke. Dawa mojawapo ni kiwashio cha kutengeneza nyumbani: kitundu kimoja cha trei ya mayai kinajazwa maranda, kisha kinamwagiwa nta iliyoyeyushwa ya vipisi vya mishumaa. Sifa yake kubwa ni kwamba ni cha bure. Bure hiyo ndiyo ninayotaka kuipima.

Bei ninazotumia ni za kukadiria, na msomaji aweke za dukani kwake: mafuta ya taa Sh3,000 kwa lita (mamlaka ya nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo kila mwezi), mshumaa wa gramu 40 Sh400. Nta, kwa hiyo, ni Sh10 kwa gramu. Joto nalipima kwa kilojuli; kilojuli 4.2 hupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja.

Kiwashio chenye gramu 10 za nta kina takriban kilojuli 430 ndani ya nta peke yake. Nta hiyo ikinunuliwa ni Sh100. Mililita 20 za mafuta ya taa zina kilojuli 700 kwa Sh60. Shilingi moja basi inanunua kilojuli 4.3 za nta au 11.7 za mafuta ya taa. Nta ina utetezi wake: huwaka polepole, ilhali mafuta yaliyomwagwa juu ya kuni huruka kwa mwali mkubwa, na sehemu kubwa ya joto lake huishia hewani.

Lakini tuliambiwa nta ni ya vipisi. Nyumba inayowasha jiko mara mbili kwa siku inahitaji gramu 20 za nta kila siku. Kipisi kikibaki na gramu 5, hivyo ni vipisi vinne, yaani mishumaa minne imalizwe kila siku, Sh1,600, ili ipatikane nta ya bure. Sijui nyumba inayofanya hivyo, na kadiri umeme na taa za sola zinavyopanda milimani vipisi vinapungua.

Tukipanua hesabu, mambo yanazidi kuwa magumu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani Lushoto, Bumbuli ikiwemo. Nikichukulia watu watano kwa kaya, ni kaya 98,488. Kila moja ikitumia gramu hizo 20 kwa siku, yaani kilo 7.3 za nta kwa mwaka, wilaya ingehitaji tani 719. Vipisi ni mradi wa jiko moja au mawili, si wa wilaya.

Maranda hayana shida hiyo. Mashine za mbao zinazopasua misonobari na misaiprasi huacha marundo yake. Trei nazo, 24 hivi kwa mwaka kwa kila nyumba, zinapatikana, ingawa muuza mayai huzirudisha kazini mpaka zichakae. Kuna pia mfuko wa plastiki, ambao wengi waliuzoea kama kiwashio. Kwa uzito, plastiki laini ina joto karibu sawa na nta, ndiyo maana inawasha vizuri. Moshi wake mweusi ndio bei yake, na mifuko yenyewe imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Mpinzani ninayemwona ana nguvu ni gunzi. Gunzi kavu la gramu 50 lina kilojuli 850 hivi bila senti. Likilowekwa mbali na moto katika mililita 10 za mafuta ya taa, linafika kilojuli 1,200 kwa Sh30. Kwa mwaka, mara 730, ni Sh21,900, dhidi ya Sh43,800 za kumwaga mafuta na Sh73,000 za nta ya kununua.

Hata hivyo, hesabu zote hizi zinachukulia kuni ni kavu. Chukua gramu 200 za vijiti. Vikiwa vibichi, nusu ya uzito ni maji, na kuyapasha na kuyageuza mvuke maji hayo gramu 100 kunadai kilojuli 261. Kwa gramu 200 za vijiti vilivyokaa juu ya uchaga hadi maji yakabaki asilimia 20, deni ni kilojuli 104. Kiwashio chetu, nta na gramu 10 za maranda pamoja, kina kama kilojuli 600. Theluthi ikiingia kwenye vijiti, na huo ni ukarimu kwa mafiga matatu, ni 200: zinalipa deni la pili, la kwanza haziliwezi.

Kwa vijiti vya uchagani, kiwashio chenye nusu ya nta kina kilojuli 385, theluthi yake 128, na bado kinatosha. Gharama ya nta ya kununua inashuka kutoka Sh73,000 hadi Sh36,500 kwa mwaka. Gunzi lingali chini yake kwa Sh14,600.