MATUNZO NA MATENGENEZO YA VYOMBO VYA UMEME MAJUMBANI: HALI YA KILEMA

Friji inapokufa, kauli inayosikika mara nyingi ni kwamba imezeeka, au kwamba vyombo vya siku hizi havidumu. Kauli hiyo ina ukweli wake. Lakini kwa makaazi ya mlimani kama kata za Kilema, katika Wilaya ya Moshi, jambo la kwanza kuchunguzwa ni umeme wenyewe, kabla ya umri wa chombo.

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Chini ya Mlima Kilimanjaro lipo Bwawa la Nyumba ya Mungu lenye mtambo wa megawati 8, ila huo ni mdogo kwa mahitaji ya mkoa, na umeme mwingi husafiri masafa marefu kutoka kusini. Mwezi wa Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Same kuzindua mradi wa maji, alieleza kuwa umeme hupotea njiani kuelekea kaskazini, na kwamba Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hiyo. Hayo ni ya njia kuu. Huko Kilema kwenyewe nyumba zimetawanyika vihambani, kila moja ndani ya migomba yake, na waya wa nyumba ya mwisho huwa mbali na transfoma. Jioni, pasi na majiko yanapowashwa kwa pamoja, nyumba hiyo hupata volti pungufu. Wakati wa masika, tawi la mti hulalia waya, na umeme ukakatika na kurudi mara kadhaa ndani ya saa moja.

Kinachoumia zaidi ni kompresa ya friji. Volti zikipungua, mota yake huhangaika kuzunguka, huvuta mkondo mkubwa zaidi, hupata moto, na hatimaye vanishi inayofunika nyaya zake za ndani huungua. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, mota hulazimika kuanza ilhali mgandamizo wa gesi haujatulia. Kwa hiyo wananchi wanashauriwa kuchomoa friji mara umeme unapokatika, na kuirejesha baada ya dakika 5 tangu umeme kurudi na kutulia. Asiyekuwepo nyumbani mchana afunge kifaa cha kulinda friji, ambacho hukata umeme volti zikiwa chini au juu mno na kusubiri kabla ya kuurejesha. Bei yake ni ndogo kuliko ya kompresa, na kwa mama anayeuza maziwa ya ng'ombe wake wawili, siku tatu bila friji ni khasara kubwa.

Kuhusu matengenezo, si kila friji isiyogandisha inastahili kutupwa. Mpira wa mlango uliolegea, themostati, au rilei ya kuwashia kompresa ni vipuri vidogo. Kompresa iliyoungua ni habari nyengine, na bei yake ipimwe dhidi ya thamani ya friji nzima. Gesi nayo inahitaji uangalifu. Friji kuukuu zilitumia gesi ya R12, iliyositishwa na nchi zinazoendelea ilipofika mwaka 2010 chini ya Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1993. Friji nyingi mpya hutumia R600a, ambayo huwaka moto. Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko cha kompresa, nayo haibadilishwi kiholela. Fundi atakayesema kwamba gesi ni gesi tu, asiruhusiwe kuigusa.

Zamani, jembe lililochakaa mlimani lilirudi kwa wahunzi wa Mamba, waliofua chuma kilichotoka Upare, likafuliwa upya. Pasi na birika za leo nyingi hazina hata parafujo za kufungulia. Mnunuzi aliye dukani anaweza kulitazama hilo kabla ya kulipa. Hali kadhalika, asome kibandiko cha nyuma: chombo kilichotumika Japani huwa cha volti 100, na kikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya volti 230 huungua. Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa kipande cha waya, kwani kitakachokatika safari ya pili huenda kikawa nyumba.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kuwa friji na vyombo vyengine vya ofisi hutengenezwa kupitia TEMESA, wakala ulioanzishwa mwaka 2005. Fundi wa mtaani asiitwe kwa siri, hata kama nia ni njema.

Mwananchi anayeamini kuwa chombo chake kimeharibiwa na hitilafu ya umeme aanze kwa kuripoti TANESCO, na asiporidhika apeleke malalamiko EWURA. Aandike siku hiyo hiyo tarehe na saa ya tukio, namba ya mita yake, majina ya majirani walioathirika pamoja naye, na maelezo ya fundi aliyekifungua chombo. Kipuri kilichoungua kisitupwe mpaka shauri limalizike.