Mguu Mmoja Ndani, Mmoja Nje

Jioni ya Julai mjini Kitale si ya kuacha mlango wazi. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama nyuma ya Mlima Elgon baridi huingia hadi kwenye mifupa. Kwenye baa madirisha hufungwa, wateja wakasogeleana. Ukutani kuna bango la kukataza sigara. Mvutaji analiona, anainuka kwa heshima zake, anakwenda kusimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kisha anawasha. Moyoni anajua ametii sheria.

Hewa haimuungi mkono. Chumba kilichojaa watu kina joto, na hewa ya joto hupanda ikatokea juu ya mlango. Nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayopenya kwa chini, nayo huja na sehemu ya moshi wa pale kizingitini. Kadiri usiku unavyozidi kuwa baridi ndivyo mzunguko huo unavyopata nguvu.

Tena moshi wenyewe ni wa aina mbili. Upo ule anaouvuta mwenye sigara na kuupuliza, na upo unaofuka kwenye ncha inayoungua taratibu katikati ya vidole. Huu wa pili ndio mwingi zaidi chumbani. Haukupita kwenye kichujio, na kwa kuwa ncha huungua kwa joto dogo wakati haivutwi, tumbaku haiteketei vizuri na sumu kadhaa hutoka kwa wingi zaidi. Wanasayansi wamehesabu zaidi ya kemikali 7,000 katika moshi wa tumbaku, na zipatazo 70 zinajulikana kusababisha saratani. Chembe zake ni ndogo mno: nyingi hazifiki hata sehemu ya hamsini ya unene wa unywele, ndiyo maana hushuka hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu. Feni haiziondoi. Inazisambaza tu, hadi kwenye meza ya aliyekaa mbali akidhani amejiepusha.

Mteja akikerwa atalipa bili aende zake. Mhudumu haendi popote. Yuko pale tangu alasiri hadi usiku wa manane, akipita na trei katikati ya moshi ambao hakuuwasha. Mimi naamini marufuku hii ni yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Scotland ilipopiga marufuku uvutaji katika baa mnamo Machi 26, 2006, watafiti wa Dundee waliwapima wahudumu wa baa kabla na baada. Kabla, karibu wanne kati ya kila watano walilalamikia kikohozi, kifua kubana, macho au koo kuwasha. Mwezi mmoja tu baadaye, waliobaki na dalili hizo walikuwa kama nusu. Mapafu yao yalifanya kazi vizuri zaidi pia. Hawakupewa dawa yoyote. Waliondolewa moshi tu.

Kenya nayo imelielewa hilo kisheria. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kuvuta sigara kazini na mahali pa umma, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Mwenye jengo na meneja nao wanawajibika. Lakini usiku, ofisa wa afya akiwa amelala kwake, nani atasema "zima"? Mara nyingi kazi hiyo huangukia mhudumu yule yule anayetegemea bakshishi ya mvutaji. Huo ni uonevu. Neno hilo litoke kwa mwenye baa, na lianze mapema: asiweke kisahani cha majivu mezani, wala kile kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa kamba kwenye kaunta.

Katika kaunti jirani ya Bungoma suala hili lina uzito wa ziada, maana eneo la Malakisi limelima tumbaku kwa miongo mingi, na jani hilo limelipa karo za watoto. Kumwambia mtu wa huko kwamba moshi ni adui si jambo jepesi. Hata hivyo, ukivuka mpaka pale Lwakhakha unaingia Uganda, ambako sheria ya 2015 inamtaka mvutaji awe angalau mita 50 kutoka mahali pa umma. Mita 50 ni hatua kama sabini. Kwa umbali huo hoja ya mguu mmoja ndani haipo tena.

Asubuhi, baa ya Kitale hufunguliwa madirisha ikapigwa deki. Harufu bado imo kwenye mapazia, kwa kuwa nikotini hung'ang'ania kitambaa. Imo pia kwenye sweta ya mhudumu, ambayo akifika nyumbani huivua mlangoni na kuianika nje kabla hajambeba mtoto wake.