Kipimo cha Moyo Si Hukumu

Mwaka 1953, mjini Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walinasa mwendo wa moyo wa binadamu kwa mawimbi ya sauti, bila kupasua kifua. Leo kipimo hicho, kijulikanacho kama eko, husaidia kukadiria hatari inayomkabili mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo.

Tarakimu inayotajwa zaidi katika majibu ni asilimia ya damu inayotoka katika chumba cha chini cha kushoto kwa kila pigo. Moyo wenye afya hutoa takriban asilimia 55 hadi 70. Ikiwa ni 40 au pungufu, nguvu zake zimepungua. Mgonjwa aambiwapo kuwa ana asilimia 25, huenda akadhani kwamba robo tu ya moyo wake ndiyo iliyobaki hai. Sivyo. Hata moyo mzima hautoi damu yote iliyomo, na wagonjwa wawili wenye asilimia 25 waweza kuwa na hatima tofauti.

Ndiyo maana mpimaji hutazama mengine pia. Ukingo wa vali ya upande wa kulia ukisogea chini ya milimita 17 moyo unapojikunja, chumba kinachopeleka damu mapafuni kimedhoofika, na hatari huongezeka. Chumba cha juu cha kushoto kikitanuka, mara nyingi ni ishara ya shinikizo la muda mrefu ndani ya moyo.

Makadirio haya yana uzito mkubwa Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi 9, zikiwemo Kenya na Uganda. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la juu la damu. Takriban 18 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 180. Kumtambua mapema aliye hatarini zaidi humwezesha mhudumu kumpangia kliniki ya karibu na kumwongezea dawa bila kuchelewa.

Aidha, tarakimu hubadilika. Baada ya angalau miezi 3 ya dawa kamili, kipimo hurudiwa, na mioyo mingi huonekana imepata nafuu. Basi mgonjwa na atunze majibu yake ya kwanza, aje nayo kliniki, wala asiache dawa kwa kuwa amejisikia vyema.