Je, wajua? Puto la tumboni na mkojo wa bluu

Mtu aliyewekewa puto tumboni ili apungue uzito akikojoa bluu au kijani, asingoje kesho: puto linavuja. Madaktari hutia rangi makusudi kwenye maji ya chumvi yanayolijaza, ili likitoboka mwenyewe aone.

Puto hilo la silikoni hupitishwa kinywani likiwa limekunjwa, mgonjwa amepewa dawa ya usingizi, kisha hujazwa nusu lita hivi. Halina mshono wala kovu, ingawa siku za kwanza kutapika ni kwingi. Hospitali ya Taifa Muhimbili–Mloganzila ilianza kuliweka mwaka 2022. Kwa dereva wa lori aliyeganda kwenye foleni ya Tunduma, chipsi mayai mkononi, akingoja kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, Mloganzila iko barabara ileile ya Tanzam, kilomita 900 hivi nyuma yake.

Ila puto ni mgeni. Mengi hutolewa baada ya miezi 6, na kilo hupenda kurudi. Ndipo kisu kinapoingia. Upasuaji unaofanywa zaidi duniani huondoa robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki mrija mwembamba kama ndizi. Watu hudhani siri ni udogo wake. Mimi naona siri kubwa ni kile kilichotupwa: sehemu hiyo ndiyo hutengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa.

Njia nyingine ya upasuaji aliianzisha Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, baada ya kuona wagonjwa waliokatwa tumbo kwa vidonda hawanenepi. Kifuko kidogo cha tumbo huunganishwa na utumbo mwembamba mbele kidogo, chakula kikaruka sehemu ya njia. Sukari ya mwenye kisukari mara nyingi hushuka ndani ya siku chache, kabla hata mizani haijasogea.

Tangu 2022 miongozo ya kimataifa inapendekeza upasuaji kuanzia BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 35: kwa mtu wa mita 1.70, ni kilo 101 hivi. Mwenye kisukari, 30 yatosha kufikiriwa.

Aliyeunganishwa utumbo humeza vitamini maisha yake yote. Bia humpanda upesi. Soda ikishuka kwa kasi utumboni, moyo humwenda mbio, jasho na kizunguzungu humjia ndani ya nusu saa. Anayeshika usukani kuteremka mlima Senjele, kwenye barabara hiyohiyo ya Tanzam, bora anywe maji.