Nilivyoingizwa mjini na shilingi ya simba

Msinicheke, jamani. Jumamosi usiku, wakati vijana wenzangu wa Sinza wanapiga pasi mashati na kugombea kioo, mie huwa nimekaa sakafuni. Nimetandika kanga kuukuu, juu yake nimemwaga chenji ya shilingi elfu ishirini, pembeni kikombe cha chai ya rangi na kioo cha kukuzia nilichonunua kwa fundi saa. Nageuza sarafu moja moja. Nasoma mwaka, nageuza, naweka kushoto. Nasoma mwaka, nageuza, naweka kulia. Shemeji yangu alipoliona zoezi hili mara ya kwanza alimuuliza kaka kama nimeanza kwenda kwa mganga.

Hapana, ni ulevi tu kama ulevi mwingine. Mwenzenu nasaka sarafu za zamani.

Ulinianza kwenye daladala. Konda alinirudishia chenji, na kama kawaida yao akanibamizia mkononi bila kuniangalia. Niliposhuka Mwenge nikakuta mojawapo siyo ya humu: ya Kenya, ina picha ya twiga. Ni katika zile sarafu mpya walizozitoa Desemba 2018, walipoondoa sura za marais na kuweka wanyama. Shilingi moja tu ya Kenya, ambayo konda alinipa kama hamsini. Nikataka kukasirika, lakini nikajikuta naitazama. Imetoka Nairobi, imepita mpakani mfukoni mwa mtu, imezungushwa Dar bila paspoti, na kila aliyeipata aliona amepigwa akampiga mwenzake. Sikumpiga mtu. Niliipeleka nyumbani, na huo ndio ukawa mwanzo wa matatizo yangu.

Siku hizi nina watu wangu. Yupo mama ntilie, yupo Mangi wa dukani, na yupo kijana anayelinda choo cha kulipia stendi. Huyo wa choo usimdharau, maana kwa siku anashika sarafu nyingi kuliko karani wa benki. Namkabidhi noti, ananipa mfuko wa chenji, naenda kuupekua, kesho narudi kutafuta noti. Makonda nao wananunua chenji kwa wale vijana wa vituoni, ambao hukata chao juu kwa juu. Hao ukizoeana nao wanakuwekea kila chenye sura ngeni.

Sasa utauliza, kwenye chenji ya leo kuna nini cha maana? Kusema kweli, si kingi. Hamsini ina kifaru na mwanawe, na upande wa pili Mzee Mwinyi. Mia ina swala na Mwalimu. Mia mbili ina simba na Mzee Karume, ilianza mwaka 1998. Jero ya chuma yenye nyati ilitoka 2014 kuchukua nafasi ya noti iliyokuwa inachakaa kama tishu. Unachosaka hapo ni miaka ya mwanzo katika hali safi, au zile zilizokosewa kiwandani: picha imekaa upande, herufi imefutika, ukingo umepinda. Mimi kwa mwaka mzima nimepata moja tu iliyokosewa, na hata hiyo kaka anasema iligongwa na treni.

Utamu hasa uko kwenye makopo ya watu wazima. Chini ya kitanda cha kila mama wa makamo kuna kopo la maziwa au la Kimbo lenye vifungo, pini, na hela zilizokufa. Huko ndiko utakutana na toleo la kwanza kabisa la Tanzania, la mwaka 1966, baada ya Benki Kuu yetu kuanzishwa. Senti tano ya samaki mwenye tanga mgongoni, senti ishirini ya mbuni, thumuni ya sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Baadaye ikaja senti kumi ya pundamilia, ukingo wake wa mawimbi kama biskuti. Halafu ile shilingi tano yenye pembe kumi, ambayo watu waliiita dala. Ndiyo hiyo, inasemekana, iliyozaa jina la daladala, kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini nauli ya vibasi vile ilikuwa shilingi tano na makonda walikuwa wakiiimba mlangoni.

Ukizama zaidi unawakuta Waingereza na zile senti za tundu katikati. Hapo kuna kituko kimoja ninachokipenda. Mfalme Edward wa Nane alikaa kwenye kiti mwaka 1936 kwa muda usiotimia mwaka, kisha akakiacha kwa ajili ya mwanamke aliyempenda. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kuingia mitaani. Huku kwetu, kwa kuwa zile za tundu hazikuwa na sura ya mfalme bali jina tu, ziligongwa na zikatumika sokoni. Ukiona senti tano au kumi ya Afrika Mashariki ya 1936, soma jina vizuri.

Na kabla yao Mjerumani, na heller zake zilizotuachia neno hela mpaka leo. Vita vilipowabana mwaka 1916, Wajerumani waligonga sarafu kwenye karakana ya reli pale Tabora: za shaba, na za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Hiyo ya dhahabu, ya rupia 15, ina tembo na mlima nyuma yake, na ziligongwa kama elfu kumi na sita tu. Hizo ndizo zinazopigiwa mnada Ulaya. Wala usitegemee kuipata kwa kijana wa choo.

Tabora nimeitaja kwa sababu ndiko aliko bibi yangu, na ndiko nilikoharibu.

Mnakumbuka Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za zamani zibadilishwe kati ya Januari 6 na Aprili 5 mwaka 2025? Nchi nzima ilipindua magodoro. Kwa Bibi nako sanduku la bati lilifunguliwa, na mimi nilikuwepo likizo. Noti zilipatikana tatu, zimeliwa na mende. Lakini chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, kulikuwa na shilingi ya simba.

Kama hujaiona, ni nzuri kupita hizi zetu. Simba amesimama, milima nyuma yake, na upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Sita. Hii ilikuwa ya 1952, mwaka wa mwisho kugongwa shilingi za aina hiyo. Bibi akacheka akaniambia, "Hiyo ndiyo iliyobaki ya mahari yangu, mume wangu. Nyingine kaka zangu walinunulia baiskeli." Babu alikuwa mtu wa reli. Alilipa mahari kwa shilingi tupu, kaka wakazihesabu mkekani, na Bibi akaomba moja ya kwake.

Nikamwomba niende nayo Dar nikaipige picha. Akanitazama kwa muda. "Itarudi?" Nikamwambia itarudi, Bibi, mimi si mtoto.

Kosa la kwanza nililifanya siku niliyofika. Sarafu ilikuwa imefifia, ina weusi wa miaka, na karibu na sikio la mfalme kuna kidoti kama kovu. Nikaona aibu kupiga picha kitu kichafu. Nikachukua limau, majivu na steelwire ya sufuria, nikasugua mpaka simba akawa anang'aa kama kijiko cha harusi. Kile kidoti ndicho nilichokikazania zaidi, kikakataa kutoka. Wenye mchezo wao wakisoma hapa watashika vichwa, maana sarafu ya zamani haisuguliwi. Ule weusi ndio ngozi yake, ukiutoa umeichuna, na bei inaanguka saa hiyo hiyo. Unaishika kwa kingo tu, unaiweka kwenye bahasha ya karatasi kavu. Ile mifuko laini ya plastiki nayo huitoa ukungu wa kijani. Haya yote niliyajua baadaye.

Kosa la pili lilikuwa na suti. Jamaa mmoja alisikia habari zangu kwa konda, akanitafuta. Mtu nadhifu, viatu vya kuchongoka, simu mbili. Tukakutana mgahawani, akaagiza soda, akaishika shilingi ya Bibi kwa leso. Akanyamaza. Akavuta pumzi kama daktari aliyeona picha mbaya ya eksirei. "Dogo," akasema, "unajua kilichomo humu?"

Humu, kwa maelezo yake, kulikuwa na zebaki. Kuna Mzungu yuko hotelini, ananunua shilingi za simba zenye zebaki kwa milioni nane. Kinachotakiwa ni kipimo tu. Ikivuta punje ya mchele, biashara imeisha. Mashine iko kwa mtaalamu, na mtaalamu anataka laki moja na nusu kabla hajaiwasha.

Msomaji, najua unavyojisemea hapo ulipo. Mimi pia nilisoma shule. Najua zebaki ni maji, haikai ndani ya shilingi. Lakini milioni nane ikishakaa kichwani, akili inasogea yenyewe kuipisha. Nilikwishaanza kupanga: milioni mbili za Bibi, nimjengee choo cha ndani, milioni moja ya kaka nimnyamazishe, zilizobaki pikipiki. Nikatoa akiba yangu yote, na kodi ya mwezi ule juu yake. Jamaa akaichukua sarafu, akaichukua laki na nusu, akaniambia ninywe soda taratibu, anarudi baada ya dakika ishirini.

Nilikunywa soda tatu. Mhudumu alipokuja na bili ndipo nikajua kwamba hata ile ya jamaa naidaiwa mimi.

Wiki mbili sikupokea simu ya Tabora. Nikazunguka Kariakoo mpaka nikampata mzee mmoja fundi saa, yule yule aliyeniuzia kioo, ambaye kumbe ana madaftari ya sarafu tangu ujana wake. Nilimweleza yote. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akavuta droo akaniwekea mezani shilingi za simba saba. Saba! Akanipa somo la bure. Zile za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha ndani yake, hivyo afadhali kidogo. Za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli tu, na ziligongwa kwa mamilioni. Akanionyesha vialama vidogo vya viwanda, H na KN, ambavyo wakusanyaji huvitazama. Kisha akatoa sumaku ya spika ya redio. "Wakikuletea rupia ya Mjerumani ijaribu hapa. Ile ya kweli ni fedha, haishikwi. Hizi za kuchongesha nyingi ni chuma, zinarukia kama mbwa." Alinihadithia watu waliochimba chini ya magofu ya Wajerumani usiku, na waliouza viwanja kulipia vipimo. Nikaona kumbe mimi ni mdogo tu kwenye darasa kubwa.

"Ya 1952 unaniuzia bei gani?" nikamwuliza.

Akanitajia bei ya sahani ya chipsi kuku.

Nikachagua iliyofanana na ile kabisa, yenye weusi wake, nikaifunga kwenye kitambaa, fundo lile lile. Nikapanda basi la Tabora. Njia nzima nafanya mazoezi ya uso.

Bibi alikuwa anachambua mchele ukumbini. Nikampa. Akafungua fundo polepole, akaigeuza, hakuitazama hata, aliipapasa tu kwa kidole gumba upande wa mfalme, kwenye sikio. Akapapasa tena.

"Hii si yangu, mume wangu."

Nikaanza kusema, akaninyamazisha kwa mkono. "Yangu ina alama. Babu yako alitaka kuitoboa anivalishe shingoni. Akapiga msumari mara moja, nikamkataza, nikamwambia utaiharibu." Akairudisha kwenye kitambaa. "Mmemwuzia nani?"

Nikamweleza. Suti, zebaki, soda, kodi. Kile kidoti nilichokisugua sikumwambia, na mpaka naandika haya sijamwambia. Alisikiliza huku akiendelea kuchambua. Nilipofika kwenye punje ya mchele inayovutwa na shilingi, akaacha kuchambua, akachukua punje moja toka kwenye ungo, akaiweka juu ya shilingi niliyomletea. Tukaitazama wote wawili. Punje imelala.

Basi akacheka mpaka kanga ikamwanguka. "Mahari yangu umeila wewe," akasema, "na bado hujanioa."

Ile ya fundi saa ameiweka sandukuni, anasema itakaa na wageni wengine. Mimi nimerudi Dar, kodi nalipa kwa mafungu, na Jumamosi natandika kanga yangu kama kawaida. Makonda wote wa njia yangu nimewaambia: shilingi ya simba, 1952, inang'aa kupita kiasi, ina kidoti karibu na sikio la mfalme. Yeyote atakayeipata kwenye chenji aniletee, soda juu yangu.