HADITHI YA MPELELEZI, NA JINSI YA KUPIMA SHAKA

Wengi wetu tumezoea hadithi ambayo mtungaji ameimaliza yote, na kazi yetu ni kuisoma tu tangu mwanzo hata mwisho. Lakini iko namna nyingine ya hadithi, ambayo msomaji mwenyewe ndiye mwenye safari. Mtungaji humwambia: "Umefika penye mlango, ndani mna sauti za watu. Ukitaka kubisha hodi, nenda sehemu ya 14. Ukitaka kuchungulia dirishani, nenda sehemu ya 31." Msomaji huchagua, na alilolichagua ndilo litakalomfaa au kumdhuru. Katika makala haya tutaziita hadithi za kuchagua.

Hadithi hizi zilianza kuenea katika miaka ya 1970. Huko Marekani Will Crowther alitunga kwa kompyuta hadithi ya kutembea pangoni, na mwaka 1977 Don Woods akaiongeza. Msomaji aliandika maneno machache, kama vile "chukua taa", na kompyuta ikamjibu. Upande wa vitabu, mwaka 1982 Steve Jackson na Ian Livingstone walitoa Uingereza kitabu cha The Warlock of Firetop Mountain, ambacho msomaji wake alihitaji penseli na dadu mbili. Siku hizi zipo programu za kutungia zinazopatikana bure, kama Inform ya tangu 1993 na Twine ya tangu 2009. Na asiye na kompyuta hana hasara kubwa, maana daftari na penseli vyatosha.

Napenda kueleza habari ya aina moja tu ya hadithi hizo, yaani ile ya mpelelezi aliyejigeuza ili akae kati ya watu wasiomjua. Ni aina ngumu kutunga. Katika hadithi ya pango msomaji hupambana na giza na wanyama. Mpelelezi hupambana na wazo lililo kichwani mwa mtu mwingine, nalo halionekani. Mtungaji atalipimaje wazo hilo, na atampaje msomaji haki yake?

Tuchukue mfano. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zimekuwa zikinunuliwa na shirika la serikali, na kila bei ya Mombasa ilipokuwa nzuri zaidi, walikuwako watu waliozivusha usiku kwa magendo. Tufanye kwamba wewe, msomaji, ni karani kijana wa forodha. Umetumwa ujifanye kibarua, upate kazi katika mashua moja ya Wete, ujue magunia yanapelekwa wapi. Mashuani wamo watu watatu: nahodha, mzee wa maneno machache, baharia mmoja mwenye wivu, na mpishi, mtoto wa miaka 15, ambaye amekupenda kwa sababu unamfundisha kusoma.

Jambo la kwanza linalomshinda mtungaji mgeni ni hesabu. Ukiweka njia 2 tu kila mahali pa kuchagua, baada ya machaguo 10 utakuwa na miisho 1,024. Hakuna mwanafunzi atakayeiandika yote kabla ya mtihani. Kwa hiyo watungaji huziacha njia zitengane kidogo, kisha huzikutanisha tena. Aliyepitia dukani na aliyepitia pwani wote hufika chomboni jua likichwa. Je, walilolifanya njiani limepotea bure? La, kwa sababu limehifadhiwa katika hesabu ya shaka. Mmoja amefika na shaka 1, mwenziwe amefika na shaka 5, na nahodha hatawapokea sawasawa.

Hesabu hiyo yaweza kushikwa kwa punje za mahindi. Weka mezani visahani vitatu, kimoja cha nahodha, kimoja cha baharia na kimoja cha mpishi. Kila unapofanya jambo la kutia shaka mbele ya mtu, tia punje katika kisahani chake. Zikifika 3, mtu huyo ataanza kukuuliza maswali. Zikifika 6, atakuwa akikufuata, na baadhi ya njia zitafungwa: huwezi tena kushuka ngamani peke yako. Zikifika 9, atakukamata au atakwenda kukushtaki. Sasa tutazame kanuni zinazoifanya hesabu hii iwe ya haki.

Kanuni ya kwanza: kila punje iwe na sababu ambayo msomaji angeweza kuijua. Makosa ya mpelelezi ni ya namna tatu. Liko kosa la mwili, kama vile kibarua mwenye mikono laini, asiyejua kuchambua karafuu na kuzitenga na makonyo yake. Hilo ni punje 1. Liko kosa la maneno, kama kumwambia nahodha kwamba kwenu ni Mkoani na kumwambia mpishi kwamba kwenu ni Micheweni. Hilo ni punje 2. Na liko kosa la mahali, yaani kukutwa pasipo na kazi yako. Hilo ni punje 3. Ili kosa la maneno lisisahauliwe, msomaji huambiwa aandike neno pembeni, tuseme MKOANI, na mbele ataulizwa kama analo. Vitabu vya Fabled Lands, vilivyoanza kutoka mwaka 1995, hutumia sana njia hii ya maneno ya kumbukumbu.

Labda mtu atauliza, kwa nini tusitupe dadu tu? Dadu yaweza kuamua kama nahodha yu macho au amelala. Isiamue kama anakushuku, kwa maana msomaji aliyefanya kila jambo kwa uangalifu, kisha akakamatwa kwa bahati ya dadu, atakifunga kitabu, wala hatakuwa na kosa.

Kanuni ya pili: msomaji aione shaka kabla haijamfika. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Usimwandikie kwamba nahodha anakushuku sana. Mwonyeshe. Jana mzee alikuita "mwanangu". Leo anakuita "wewe". Jana alikula nawe sinia moja. Leo amesema ameshiba. Baharia aliyekuwa akiimba amenyamaza ulipopita. Msomaji makini atafahamu, na kufahamu huko ndiko kunakompa furaha.

Kanuni ya tatu: shaka husafiri kama habari yoyote ile. Alilolijua mpishi mchana, nahodha aweza kulijua usiku, ikiwa tu wawili hao wamekutana. Basi kila jioni uliza: nani amekaa na nani? Kama baharia ana punje 6 au zaidi, naye amezungumza na nahodha, tia punje 2 katika kisahani cha nahodha. Hapo msomaji atajifunza kutazama nani anaongea na nani, na hiyo ndiyo kazi halisi ya mpelelezi.

Kanuni ya nne: shaka iweze kupunguzwa, lakini kwa gharama. Ukifanya kazi ya watu wawili kutwa nzima, nahodha atakutolea punje 2. Lakini siku imekwisha na hukuyahesabu magunia. Ukimpa baharia zamu yako ya kupumzika, atalegea kidogo. Lakini kesho utasinzia, na mtu wa usingizi hukosea maneno.

Hapa ndipo hadithi inapofika mahali pazito. Njia rahisi kuliko zote ya kuondoa shaka juu yako ni kuitwika juu ya mwingine. Nahodha amekuta karatasi yenye hesabu ya magunia. Anauliza nani mashuani ajuaye kuandika. Yule mtoto anajua kidogo, na wewe ndiwe uliyemfundisha. Ukinyamaza, punje zako zote zahamia kwenye jina lake. Ukisema, kazi uliyotumwa imeharibika. Mtungaji asimwambie msomaji lipi ni jema. Aliache achague, kisha amwonyeshe matokeo yote kwa ukweli, pamoja na jinsi mtoto anavyokutazama asubuhi yake.

Kanuni ya tano: kukamatwa kusiwe mwisho wa kitabu. Hadithi inayosema "Umekamatwa, anza tena" humfundisha msomaji kurudi nyuma na kujaribu kila mlango kama mtu apapasaye gizani. Afadhali kukamatwa kufungue sura mpya. Nahodha amekufunga kamba, lakini sasa anasema nawe waziwazi, na kwa kinywa chake utasikia habari ambazo usingezipata kwa kujificha.

Watungaji mashuhuri wamezitumia kanuni za jinsi hii kwa njia zao. Mwaka 1987 Marc Blank wa kampuni ya Infocom alitoa Border Zone, hadithi ya kompyuta yenye sehemu tatu, na katika kila sehemu msomaji ni mtu mwingine. Saa ya hadithi hiyo huzidi kwenda hata msomaji anapokaa akifikiri, hivyo anayekawia hupitwa na mambo. Mwaka 1998 Andrew Plotkin alitoa Spider and Web. Humo msomaji ni mpelelezi aliyekwisha kukamatwa, na sehemu kubwa ya anayoyatenda ni maelezo anayompa anayemhoji. Akieleza jambo lisilolingana na yaliyokwisha kuonekana, mhoji humkatiza na kumwambia haikuwa hivyo, aanze tena. Yaani huko kushindwa kwenyewe kumekuwa ni sehemu ya hadithi. Mwisho wake sitauharibu kwa kuutaja hapa.

Najua wako wazazi watakaosema kwamba hadithi kama hizi huwafundisha watoto kudanganya. Neno lao lina uzito, nami sipendi kulipuuza. Lakini na watazame visahani vile vitatu. Kila uongo una punje yake, na msomaji huzihesabu kwa vidole vyake mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi. Hapa msomaji anaipima hatua kwa hatua na kuona inapokwisha. Tena hujifunza jambo ambalo shuleni twalihitaji kila siku. Kitabu kikipotea bwenini, punje hutiwa upesi sana katika kisahani cha mtu fulani, kwa kuwa ni mgeni, au ni mkimya, au alionekana amesimama karibu. Kijana aliyezoea kuuliza "punje hii imetoka wapi?" hatakuwa mwepesi wa kumsingizia mwenzake.

Anayetaka kujaribu na aanze kidogo: watu watatu, mahali pamoja, siku tatu, na sehemu zisizozidi 30. Andika kwanza kila mtu anajua nini na anaogopa nini, kisha ndipo uandike njia. Ukimaliza, mpe rafiki asome huku wewe umenyamaza kimya. Kila atakapotia punje, mwulize kama anajua kwa nini. Kama hajui, usimlaumu. Ichukue penseli, urudi kwenye sehemu hiyo, uitengeneze.